Mageuzi ya Marekani, 1890 hadi 1920: umfuate mwanahistoria yupi?

Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya ukaguzi wa nyama. Fungua vitabu vitatu vya historia na utakuta kana kwamba ni sheria tatu tofauti. Cha kwanza kinasema wananchi, baada ya kuchukizwa na uchafu wa machinjio ya Chicago, waliwabwaga matajiri wa nyama. Cha pili kinasema matajiri hao hao ndio waliofaidi, maana serikali iliwagongea muhuri wa ubora kwa fedha za walipa kodi. Cha tatu hakishughuliki sana na mshindi. Kinaeleza jinsi madaktari wa mifugo na wataalamu wa maabara walivyojipatia nafasi ya kudumu serikalini. Waandishi wote watatu wana nyaraka, na hakuna anayetunga.

Anayeandika insha au kufundisha somo hili hawezi kuwafuata wote kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja anauliza swali lake. Hapa tunaiweka mitazamo mikuu ubavuni kwa ubavu: inauliza nini, inatumia ushahidi gani, na inakatikia wapi. Mingine tumeipa nafasi kubwa kuliko mingine kwa makusudi, kwa kuwa si yote ina uzito sawa.

Makundi mawili yasiyofanana

Wapopulisti walikuwa hasa wakulima wa Kusini na wa nyanda za Magharibi, waliobanwa na kushuka kwa bei ya pamba na ngano, gharama za reli na riba ya madeni. Chama chao, Chama cha Watu, kilipitisha ilani mjini Omaha, Nebraska, tarehe 4 Julai 1892. Mgombea wao wa urais, James B. Weaver, alipata kura zaidi ya milioni moja za wananchi na kura 22 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Mwaka 1896 wakamuunga mkono William Jennings Bryan wa chama cha Democratic. Bryan akashindwa, na Chama cha Watu kikanyauka.

Waprogresivu walishika kasi baadaye, kati ya 1900 na 1917 hivi. Wengi walikuwa watu wa mijini: wanasheria, madaktari, wahariri, wanawake wa vilabu, wafanyabiashara, magavana. Walikuwamo Republican na Democratic pia, na mwaka 1912 baadhi yao walianzisha chama chao wenyewe chini ya Roosevelt.

Ni rahisi kuchora mstari ulionyooka kutoka kundi la kwanza hadi la pili. Kodi ya mapato ilidaiwa Omaha mwaka 1892 na ikaingia kwenye Katiba mwaka 1913 kwa Marekebisho ya 16. Uchaguzi wa maseneta kwa kura ya wananchi nao ulipita mwaka huohuo kwa Marekebisho ya 17. Lakini soma nyaraka za Omaha kwa makini. Kura ya siri, kura ya maoni ya wananchi kuhusu sheria, na uchaguzi wa maseneta havimo ndani ya ilani yenyewe. Vimo kwenye orodha ya maazimio iliyofuata, ambayo mkutano ulisema wazi si sehemu ya ilani. Uti wa mgongo wa ilani ulikuwa fedha, ardhi na uchukuzi, pamoja na serikali kumiliki reli na simu za maandishi. Huo uti wa mgongo kwa sehemu kubwa haukutekelezwa. Kwa hiyo ukiandika kwamba Waprogresivu walitimiza ndoto ya Wapopulisti, umehesabu maazimio ya pembeni na kuacha ilani.

Wananchi dhidi ya wenye fedha

Huu ndio mtazamo mkongwe. John D. Hicks, mwaka 1931, aliwaeleza Wapopulisti kama watu wenye shida halisi za kiuchumi ambao madai yao, ingawa yalichekwa, mengi yalikuja kuwa sheria. Kizazi chake kiliiona historia ya Marekani kama mvutano wa muda mrefu kati ya umma na wenye mali.

Nguvu yake ni kwamba unaanza na bei na deni, vitu vinavyopimika. Udhaifu wake ni neno "umma". Mkulima mwenye ekari 200 Kansas, kibarua mweusi anayelima kwa rehani ya mazao Georgia, na mhamiaji wa kiwandani Pittsburgh wote wanatiwa kwenye kapu moja, halafu mwandishi anashangaa kwa nini hawakupiga kura pamoja. Mtazamo huu unafaa kama mlango wa kuingilia. Usiutumie kueleza kwa nini mageuzi fulani yalishindwa.

Hofu ya kupoteza hadhi: Hofstadter

Mwaka 1955 Richard Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata na kubadilisha mjadala kabisa. Kuhusu Waprogresivu alisema hivi: viongozi wao hawakuwa maskini. Walikuwa wanasheria, wachungaji, maprofesa na wafanyabiashara wa familia za zamani, watu walioheshimiwa katika miji yao, ambao ghafla walifunikwa na matajiri wapya wa makampuni makubwa upande mmoja na vigogo wa siasa za mijini upande wa pili. Kilichowauma kilikuwa hadhi zaidi ya mkoba. Kuhusu Wapopulisti alikuwa mkali zaidi: aliwaona kama wafanyabiashara wa kilimo waliojidanganya kuwa wakulima wa zamani wasio na hila, wanaoamini njama za mabenki, na wenye chembe za chuki dhidi ya Wayahudi na wageni.

Ili uutumie vizuri, jua uliandikwa lini. Marekani ilikuwa imetoka kwenye msako wa Seneta Joseph McCarthy dhidi ya watu walioshukiwa kuwa wakomunisti, na wasomi wengi walianza kuziogopa siasa za umati. Hilo halibatilishi hoja, ila linaeleza kwa nini mwandishi alikuwa na jicho kali la kuona hofu na chuki.

Ushahidi wake mkuu kuhusu Waprogresivu ulikuwa wasifu wa viongozi: kazi zao, elimu, dini, asili ya familia. George Mowry alikuwa ameshafanya hivyo kwa California. Tatizo ni la kimbinu, na ni zuri kwa mwanafunzi kulielewa kwa sababu linajirudia kila mahali: walipimwa wanamageuzi peke yao. David Thelen alipochunguza wabunge wa Wisconsin na kuchapisha matokeo mwaka 1969, aliwalinganisha wanamageuzi na wapinzani wao ndani ya chama kilekile, na wasifu wa kijamii haukuweza kuwatenganisha. Kama mtetezi na mpinga wa mageuzi wote ni mwanasheria Mprotestanti mwenye shahada, hadhi haiwezi kueleza kwa nini mmoja alikwenda kulia na mwingine kushoto. Thelen akaelekeza macho kwenye mdororo wa uchumi ulioanza 1893, uliowakutanisha watu wa matabaka mbalimbali kama walipa kodi na watumiaji wa huduma wenye hasira moja.

Upande wa Wapopulisti, Walter Nugent alichimba Kansas na mwaka 1963 akaonyesha kwamba hawakuwa na chuki kwa wageni kuliko wapinzani wao. Walikuwa na wahamiaji ndani ya safu zao. Hata hivyo usiwasafishe kupita kiasi. Miongoni mwa yale maazimio ya Omaha limo moja linalolaani bandari kufunguliwa kwa mafukara na wahalifu wa dunia. Hofstadter aliongeza chumvi, ila hakuibuni yote.

Basi mtazamo huu unafaa lini? Unapochunguza lugha: hotuba, vibonzo, tahariri, jinsi watu walivyojiona na kumchora adui. Haufai kueleza kura za bungeni.

Makampuni na wataalamu: Kolko, Hays, Wiebe

Miaka ya 1960 swali liligeuka. Badala ya kuuliza wanamageuzi walijisikiaje, wakauliza nani alifaidi.

Gabriel Kolko, mwaka 1963, alidai kuwa udhibiti wa serikali kuu ulitakiwa na makampuni makubwa yenyewe. Ushindani ulikuwa umewashinda kuuzima sokoni, wakaomba serikali iwasaidie. Nyama ndiyo kielelezo chake kizuri. Wasindikaji wakubwa waliuza Ulaya, na nchi kadhaa za huko zilikuwa zimezuia nyama ya nguruwe ya Marekani tangu miaka ya 1880. Ukaguzi wa serikali kwa nyama ya kuuza nje ulianza mwaka 1891. Mwaka 1906 Seneta Albert Beveridge alileta pendekezo lenye meno mawili: wasindikaji walipie ukaguzi kwa ada ya kila mnyama, na makopo yaandikwe tarehe. Kamati ya Kilimo ya Baraza la Wawakilishi, chini ya James Wadsworth, ikang'oa meno yote mawili. Sheria iliyopita ilitenga dola milioni 3 kwa mwaka kutoka hazina ya serikali, na tarehe kwenye makopo ikatoweka.

Hapo Kolko anaonekana ameshinda. Lakini endelea kusoma. Wasindikaji hao waliupiga vita muswada wa awali kwa nguvu zote, na walikubali kilichobaki baada ya Roosevelt kutoa hadharani ripoti ya wachunguzi aliowatuma Chicago. Mtu anayelitaka jambo tangu mwanzo halipigi vita hivyo. Tena, sheria iligusa nyama inayovuka mipaka ya majimbo au kwenda nje ya nchi tu. Machinjio madogo yanayouza ndani ya jimbo moja yaliachwa, na hali hiyo iliendelea hadi sheria ya mwaka 1967. Kama shabaha ilikuwa kuwanyonga wadogo wote, kamba iliachwa ndefu sana.

Kosa la kawaida la wanaomfuata Kolko ni kugeuza faida kuwa nia. Kampuni kufaidi sheria hakuthibitishi kuwa iliitunga. Unahitaji barua, ushahidi mbele ya kamati, au rasimu yenye mkono wa kampuni, na tarehe zake ziwe kabla ya sheria.

Samuel P. Hays ni bora zaidi kimbinu, kwa maoni yetu, kwa sababu alihesabu. Katika makala ya 1964 alichukua Pittsburgh. Mwaka 1911 bunge la jimbo la Pennsylvania lilifuta mfumo wa madiwani wanaochaguliwa kwa kata na bodi za shule za kata, na mahali pake likaweka baraza la watu 9 wa mji mzima na bodi ya shule ya watu 15 walioteuliwa na majaji. Nani alidai hilo? Hays alichukua majina 745 ya wanachama wa vyama viwili vya wanamageuzi mjini humo na kuyatafuta kwenye vitabu vya orodha ya familia za tabaka la juu. Asilimia 65 walikuwamo, wakati vitabu hivyo vilibeba asilimia 2 tu ya familia za mji. Asilimia 52 ya wanamageuzi hao walikuwa wenye mabenki na maofisa wa makampuni au wake zao. Diwani wa kata alikuwa muuza duka, fundi, mwenye baa, mtu anayefahamika mtaani. Mji ulipoanza kupiga kura kama eneo moja, mgombea wa aina hiyo hakuwa na fedha wala magazeti ya kumtangaza kutoka kata ya kwanza hadi ya mwisho. Mageuzi yaliyosemwa kuwa ya kuondoa rushwa yalihamisha madaraka kutoka mitaani kwenda ofisi za katikati ya mji.

Angalia kitu kingine kuhusu Hays: mbinu yake inahamishika. Galveston, Texas, baada ya kimbunga cha Septemba 1900, ilianza mwaka 1901 kuongozwa na tume ndogo ya makamishna, kila mmoja na idara yake. Dayton, Ohio, baada ya mafuriko ya Machi 1913, ikaajiri meneja wa mji. Miji mingi iliiga. Katika kila mji unaweza kutafuta orodha ya wanachama wa kamati ya mageuzi, kitabu cha anwani na kazi za wakazi, na matokeo ya kura kwa kata, kisha ukafanya alichofanya Hays. Ongeza tu alichokikosa Hofstadter: tengeneza pia orodha ya wapinzani.

Robert Wiebe, 1967, yuko jirani na Hays lakini ni mpole zaidi. Kwake kiini ni tabaka jipya la kati la wataalamu waliotaka utaratibu katika nchi iliyokuwa imesambaratika kuwa miji midogo iliyojitenga. Chama cha madaktari cha Marekani kilitoka takriban wanachama 8,000 mwaka 1900 hadi 70,000 hivi mwaka 1910. Takwimu kama hizo zinampa nguvu. Shida yake ni kwamba kwake historia inasukumwa na miundo tu. Migomo, vifo viwandani na hasira za watu vinasikika kwa mbali mno.

Wakulima wenyewe: Goodwyn, Postel, Sanders

Lawrence Goodwyn, mwaka 1976, aliwarudisha wakulima katikati. Hoja yake: Upopulisti ulizaliwa ndani ya vyama vya ushirika vya Texas, kabla ya kuwa chama cha siasa. Mkulima wa pamba Kusini alikopa mbegu na unga kwa mwenye duka, akaweka rehani mazao ambayo hayajaota, na mwisho wa msimu deni likabaki. Muungano wa Wakulima ulijaribu kununua na kuuza kwa pamoja. Mabenki yalipokataa kuukopesha ushirika wa Texas, wakulima walijifunza kwamba tatizo lilikuwa mfumo mzima wa fedha, na hapo ndipo wakaingia kwenye siasa.

Mpango wao wa mwaka 1889, uliobuniwa na Charles Macune, unaeleweka upesi kwa yeyote anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho za Mtwara na Lindi. Serikali ijenge maghala. Mkulima aweke pamba au nafaka yake. Apewe mkopo wa noti za serikali hadi asilimia 80 ya thamani ya mazao kwa riba ya asilimia 1 au 2 kwa mwaka. Kisha asubiri bei ipande na kuuza ndani ya miezi 12. Tofauti kubwa ni kwamba Macune alitaka noti hizo ziwe fedha mpya za taifa, zinazoongezeka wakati wa mavuno na kupungua baadaye. Alitaka kubadilisha sarafu ya nchi, na ndiyo sababu mabenki yalitishika.

Goodwyn anaandika kwa moto, na moto huo una gharama. Anawagawa Wapopulisti kuwa wa kweli, waliopitia ushirika, na wa kivuli, waliotaka tu serikali igonge sarafu za madini ya fedha kwa wingi, na muungano na Democratic. Waliofuatilia tarehe jimbo kwa jimbo walikuta ushirika na chama cha siasa havikufuatana hivyo kila mahali. Pia Goodwyn anaamini mno urafiki wa weusi na weupe ndani ya vuguvugu. Mwaka 1891 wachumaji weusi wa pamba walipogoma kudai ujira zaidi, mgomo ulivunjwa kwa mauaji huko Arkansas, na viongozi wa muungano wa weupe hawakuwa upande wao. Wengi wa wakulima hao weupe walikuwa waajiri wa wachumaji haohao.

Charles Postel, 2007, anawaonyesha wakulima wakiwa watu wa kisasa: wanataka telegrafu, takwimu za masoko, taasisi kubwa kama za makampuni, ila zinazowatumikia. Na haoni ubaguzi wao kuwa mabaki ya zamani. Anauona ukiwa ndani ya usasa huohuo. Kwa anayetaka kitabu kimoja tu kuhusu Wapopulisti, tungempa hiki.

Elizabeth Sanders, 1999, ndiye jibu zuri zaidi kwa Kolko. Alifuatilia kura za bungeni kwa maeneo ya kiuchumi na kuonyesha kuwa sheria za reli, benki kuu ya 1913 na za kudhibiti makampuni ya 1914 zilisukumwa na wabunge wa maeneo ya kilimo ya Kusini na Magharibi. Walitaka sheria zenye masharti makali yaliyoandikwa wazi. Wakaishia kupata tume zenye uhuru wa kuamua, ambazo makampuni yalijifunza kuishi nazo. Hoja hii inaeleza kwa nini Kolko aliona makampuni yakiridhika mwishoni. Pengo lake ni kubwa na halifichiki: wabunge hao wa Kusini walichaguliwa na weupe karibu peke yao.

Miungano inayobadilika

Jumamosi tarehe 25 Machi 1911, moto kwenye kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Tume ya uchunguzi wa viwanda iliyoundwa na jimbo iliongozwa na Robert Wagner na Al Smith, wote wawili watoto wa Tammany Hall, mtandao uleule wa vigogo ambao Waprogresivu wengi waliuona kuwa kansa ya mji. Sheria za usalama kazini zilizofuata zilipitishwa kwa kura za watu hao.

J. Joseph Huthmacher alilisisitiza hili mwaka 1962, na John Buenker akalipanua mwaka 1973: wapiga kura wahamiaji na wabunge wao wa mijini walikuwa nguzo ya sheria za kazi, huku wakipinga marufuku ya pombe. Kila sheria ilikuwa na muungano wake. Mwaka 1970 Peter Filene akaenda mbali zaidi, akatangaza kifo cha wazo lenyewe la "vuguvugu la Waprogresivu": hakukuwa na lengo moja, wanachama wamoja wala adui mmoja. Daniel Rodgers, 1982, alitoa njia ya kutokea. Alisema watu hawa walishiriki lugha tatu, na kila mmoja alichota kwa namna yake: lugha ya kupinga ukiritimba, lugha ya mafungamano ya kijamii, na lugha ya ufanisi.

Mkutano wa chama cha Roosevelt, Chicago, Agosti 1912, unaonyesha kwa nini hili lina maana. Jane Addams wa Hull House, nyumba ya kuhudumia maskini na wahamiaji mjini humo, aliunga mkono uteuzi wa mgombea. George W. Perkins, aliyekuwa mshirika wa benki ya J.P. Morgan, ndiye aliyesimamia uendeshaji wa chama. Wajumbe weusi kutoka Kusini walinyimwa viti. Kwa hadhi peke yake huwezi kuueleza ukumbi huo, wala kwa makampuni peke yake.

Udhaifu wa mtazamo wa miungano ni kwamba unakwepa lawama. Ukisema kila sheria ina hadithi yake, huulizi tena kwa nini hadithi nyingi ziliishia na mshindi yuleyule.

Wanawake, na waliofungiwa nje

Theda Skocpol na Robyn Muncy, miaka ya mwanzo ya 1990, walionyesha kuwa wanawake wasio na kura walijenga njia yao serikalini: vilabu, makazi ya jamii, kisha ofisi. Florence Kelley alikuwa mkaguzi mkuu wa viwanda Illinois tangu 1893. Julia Lathrop aliongoza Ofisi ya Watoto ya serikali kuu mwaka 1912. Sheria ya 1921 ikaleta fedha za afya ya mama na mtoto. Ukiandika kuhusu ustawi wa jamii bila wao, umeandika nusu.

Kuhusu watu weusi, hapa hatupendekezi uchague. Swali la nani alifutwa kwenye daftari la wapiga kura liingie katika kila mtazamo. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 walioandikishwa mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Katikati ilikuja katiba ya jimbo ya 1898 yenye mtihani wa kusoma, masharti ya mali, na kifungu kilichowasamehe wale ambao baba au babu zao walikuwa wapiga kura kabla ya 1867. Watunzi wa katiba hizo waliziita mageuzi, usafishaji wa uchaguzi.

Kura ya siri ni mfano unaofundisha zaidi. Zamani kila chama kilichapa karatasi yake, na mpiga kura asiyejua kusoma aliitambua kwa rangi au picha. Massachusetts ilipitisha mwaka 1888 karatasi moja iliyochapwa na serikali na kujazwa faraghani, na majimbo mengi yakafuata ndani ya miaka michache. Karatasi hiyo ilimlinda mfanyakazi wa Boston dhidi ya mwajiri wake. Kusini, J. Morgan Kousser alionyesha mwaka 1974, karatasi hiyohiyo ilitumika kama mtihani wa kusoma usiotajwa. Kodi ya kichwa, iliyopaswa kulipwa kabla ya kupiga kura, na kura za mchujo za weupe tu zikamaliza kazi. Waliojitokeza kupiga kura ya urais kote nchini walishuka kutoka asilimia 79 hivi mwaka 1896 hadi 59 hivi mwaka 1912. Usiutupie mporomoko huo sababu moja. Kaskazini ulichangiwa pia na sheria za kujiandikisha na ushindani kufa katika majimbo yaliyotawaliwa na chama kimoja.

Kuchagua kulingana na swali lako

Kama swali ni sheria moja, anza na Kolko kama mashtaka na Sanders kama utetezi. Weka rasimu ya kwanza na sheria iliyopita sambamba, tia alama kilichoondolewa, tafuta aliyekiondoa na kura za kila jimbo, kisha tazama kifungu cha fedha: nani analipia utekelezaji. Miaka 10 baadaye rudi uangalie tume iliajiri nani. Wengi huishia kwenye saini ya rais na kukosa sehemu tamu.

Kama ni mji mmoja, tumia Hays, na orodha mbili za majina. Kama ni wakulima, Postel kwanza, Goodwyn kwa jinsi ushirika ulivyowafunza siasa, na Nugent mkononi ukikutana na shutuma za chuki. Kama ni hotuba na magazeti, Hofstadter bado ana jicho kali, mradi usimruhusu aeleze kura. Kama ni jimbo lolote la Kusini, fungua daftari la wapiga kura kabla ya kitabu chochote.

Na kama una wiki moja tu na kurasa tano za kuandika, chukua lugha tatu za Rodgers, chagua kisa kimoja, onyesha nani alitumia lugha ipi na akapata nini. Epuka kuandika kwamba mitazamo yote ina ukweli wake kisha ukaweka nukta. Msahihishaji atauliza upi una ukweli mwingi zaidi kwa kisa chako, na jibu hilo linapatikana ndani ya kisa: kwenye rasimu, kwenye orodha ya majina, kwenye hesabu ya kura.